Cheo cha Afande Sabina

Chai ya maziwa ikishika chini ya sufuria hutoa harufu ambayo watu wengi hawaijali. Huimimina hivyo hivyo, wakaongeza sukari, wakanywa. Mimi harufu hiyo hunitoa nje. Juzi ilishika pale tunapofanyia kazi, mtaa wa Free Area mjini Nakuru, kwenye duka letu la kuchapisha kadi za harusi na vitabu vya risiti, na wakati huo huo mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye mabinti wawili, alikuwa akisimulia jinsi polisi wa kike alivyomsimamisha barabarani karibu na Rongai.

“Koplo mzima,” alisema. “Na ukimwangalia tu unajua hiyo cheo alipewa wapi.”

Wateja wawili walicheka. Mmoja wao alikuwa mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Nilitoka, nikasimama juu ya mtaro, nikatema mate. Sikutema kwa dharau. Mdomo wangu ulikuwa umejaa yale maji yanayotangulia matapishi. Wenzangu wanadhani nina vidonda vya tumbo, na nimewaacha wadhani hivyo, kwa sababu kuwaeleza ningelazimika kuanzia Elburgon, nikiwa na miaka tisa, na kuanzia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Elburgon ya utoto wangu ilinuka mbao mbichi. Unga wa mbao ulikuwa kila mahali: kwenye nywele za baba, kwenye magodoro, hata juu ya uji kukiwa na upepo. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka upande wa msitu wa Mau ukakaa juu ya mabati mpaka saa nne, na matope hayakukauka miezi mingi ya mwaka. Tulipanga vyumba viwili vya mabanzi kwenye ploti yenye bomba moja la maji katikati. Baba alikuwa fundi wa kunoa misumeno katika kiwanda kimoja cha mbao. Mama alikuwa polisi.

Jina lake ni Sabina, na watu walimwita Afande Sabina, hata kanisani. Nilipenda kumtazama akijiandaa kwenda kazini. Alipiga pasi ya makaa juu ya meza ya kulia, akiwa amekunja midomo, akinyunyiza maji kwa vidole, na sketi ile ya buluu nzito ikatoa mvuke uliojaza chumba. Alipotoka nje akivuka ploti, wanawake waliokuwa bombani walinyamaza wote kwa pamoja mpaka apite. Mimi nilidhani wananyamaza kwa heshima, kama watu wanavyonyamaza padri akiingia. Wanaume wa hotelini walimwuliza, “Afande, hiyo bunduki unaweza kuinua kweli?” Nilidhani wanamwonea huruma kwa uzito wake. Na wenzake baba kazini walimwita baba “Bibi ya Afande.” Baba alicheka kila walipomwita hivyo, kwa hiyo mimi pia nilicheka. Nilidhani ni jina la kubembelezwa.

Mtoto hutafsiri dunia kwa kamusi ya nyumbani kwao. Nyumbani kwetu kamusi ilikuwa safi, na hilo ndilo lililoniponza.

Jumamosi moja simu ilipigwa kituoni kwamba kuna mtu anaua mke wake katika boma lililo karibu na msitu. Mama alitumwa pamoja na mwenzake wa kiume. Walipofika, yule mwenzake alisimama langoni akasema mambo ya mume na mke ni ya nyumbani, wangoje kwanza yapoe. Mama hakungoja. Aliingia, akamkuta mwanamke chini ya meza, akamvuta kwa mguu kumtoa, na mume akampiga mama begani kwa mpini wa jembe. Alipiga mara mbili. Mfupa ulivunjika, lakini mama hakuuachia ule mguu mpaka mwanamke akawa nje ya mlango. Haya sikuyasikia kwa mama. Niliyasikia miaka mingi baadaye kutoka kwa huyo mwenzake aliyesimama langoni, amezeeka, akiyasimulia kama kwamba na yeye alikuwa ndani.

Mama alilazwa Nakuru wiki kadhaa. Baba alinipeleka kumwona. Mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani, na hakuweza kukaa sawasawa, kwa hiyo baba alimlisha uji kwa kijiko kutoka kwenye chupa ya chai. Aliufunika mto kwa leso yake ili usichafuke. Sikuwahi kumwona baba akiwa mpole vile, na sikumwona tena.

Siku hiyo hiyo alikuja mkubwa mmoja wa polisi, mtu mnene mwenye fimbo kwapani na viatu vilivyolia sakafuni. Alisimama upande wa miguuni mwa kitanda, akafungua karatasi, akaisoma kwa sauti ya juu kana kwamba wodi nzima ni gwaride. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, “Sabina, kuanzia sasa wewe ni koplo. Pona haraka.” Bibi kizee wa kitanda cha pili, mguu wake ukiwa ndani ya plasta, alipiga kigelegele mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha. Baba akamfuta mama uji kidevuni.

“Koplo hali uji hivi,” akasema.

Mama alicheka, kisha akafumba macho kwa maumivu ya bega, kisha akacheka tena.

Basi mimi nilijua mama yangu alipata cheo wapi. Nilikuwepo. Nilikiona kitanda na niliiona karatasi.

Aliporudi nyumbani, jioni moja nilitumwa maji. Kama wewe pia ulikulia kwenye ploti, unajua kwamba mtoto mwenye ndoo haonekani. Mama Faith, jirani yetu wa mlango wa tatu, alikuwa akisuuza sufuria na wanawake wengine wawili. Mume wake alikuwa dereva wa lori la magogo, na Faith binti yao alikuwa darasa la sita katika shule yangu. Mama Faith alikuwa akimsema mama.

“Koplo,” alisema. “Hiyo cheo alipata kitandani, si mnajua?”

Wenzake wakacheka, mmoja akampiga mgongoni kwa kiganja chenye sabuni. Na mimi, nisamehe, nilifurahi. Nilishangaa tu kwamba habari ya hospitali imefika bombani. Nilidhani wanacheka kwa furaha, kama yule bibi wa kigelegele. Nilibeba ndoo yangu nikiwa nimejaa fahari, nikimwaga maji miguuni.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Josephat, mwalimu wetu wa darasa, alituuliza kila mmoja mzazi wake anafanya kazi gani. Alikuwa mtu wa kuchekesha, aliyevaa sweta ya kijani na kutuita “waheshimiwa,” na sote tulimpenda. Zamu yangu ilipofika nilisimama wima, mikono nyuma.

“Mama yangu ni polisi. Ni koplo. Alipata cheo kitandani.”

Chaki ilisimama ubaoni. Akageuka taratibu.

“Hebu rudia, mheshimiwa.”

Nikarudia, kwa sauti zaidi, maana nilidhani hakusikia. Darasa halikucheka. Wangecheka nini? Walikuwa na miaka tisa kama mimi. Ni yeye peke yake aliyeinama juu ya meza mabega yakimtetemeka.

Wakati wa mapumziko alinishika mkono akanipeleka ofisi ya walimu. Sikuwa nimewahi kuingia humo isipokuwa kupeleka vitabu. Walikuwa wamekaa saba au wanane, chai ikichemka kwenye jiko pembeni, na hakuna aliyekuwa akiiangalia. Sahani ya mandazi ilikuwa katikati ya meza.

“Lidia,” akaniambia, “waambie walimu mama yako alipata wapi cheo.”

Nikawaambia. Kicheko kikaanzia kona moja kikazunguka meza nzima. Walimu wa kike walikuwa watatu. Mmoja alijifunika mdomo kwa daftari la mwanafunzi, na daftari likawa linacheza.

“Kitanda gani?” mwalimu mwingine akauliza.

“Cha hospitali.”

“Hata hospitali,” akasema, akiwageukia wenzake, na wakacheka zaidi.

“Na nani alimpa?” akauliza Mwalimu Josephat.

“Mkubwa wake. Alikuja na fimbo.”

Hapo ndipo walipovunjika mbavu kabisa. Mmoja alitoka nje akiwa ameshika tumbo. Mwingine alisema “wacha, wacha mtoto aende,” lakini alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Chai ilifurika, ikaungua juu ya makaa, moshi wake mweupe ukapanda mpaka kwenye mabati, na hakuna aliyeinuka. Waliniambia nirudie mara ya tatu kwa ajili ya mwalimu mkuu msaidizi aliyekuwa amechelewa kuingia. Nikarudia. Kisha Mwalimu Josephat akachukua andazi kubwa kuliko yote akanipa.

Nililila nikiwa nimesimama mlangoni. Lilikuwa tamu. Nimesahau majina ya nusu ya wanafunzi niliosoma nao, lakini utamu wa andazi lile ningeweza kuuchora.

Yafikirie hayo kidogo. Niliwaambia ukweli. Niliwaambia hospitali, niliwaambia karatasi na mkubwa aliyeisoma, kila kitu kilikuwa pale mezani mbele ya watu waliosomea ualimu, watu waliotusahihisha tulipokosea kuhesabu. Waliusikia ukweli mzima ukitoka kwa shahidi, na wakaona hauwafai kitu. Kama wangedanganywa ningewasamehe.

Maneno yalishuka kutoka ofisi ya walimu hadi hotelini, na kutoka hotelini hadi kiwandani. Yalichukua siku nne. Siku ya nne, baba alirudi mapema, jua bado liko juu. Mama alikuwa akichambua mboga kwa mkono mmoja, mimi nikifanya hesabu za shule. Baba hakukaa.

“Sabina, hicho cheo ulikipataje?”

Mama alijibu kama kwamba ni utani. “Si ulikuwa pale. Ulinipaka uji mpaka shingoni.”

“Nakuuliza.”

Mama akaweka kisu chini. “Nani amekwambia nini?”

“Wanasema kazini. Walimu wanasema. Na wanasema ni huyu mtoto wako ndiye anatangaza.”

Mama akanitazama. Sikujua nimefanya nini, lakini nilijua kwamba nimefanya. Kalamu iliniponyoka.

“Wewe ulikuwa pale,” mama akamwambia baba, polepole. “Ulikuwa umeshika kijiko.”

“Najua nilikuwa pale.”

“Basi?”

“Basi nitawaambia nini?” Baba alisema kwa sauti ya mtu anayeomba. “Wakiniita lile jina lao nilikuwa nacheka. Sasa wakiniita hivyo, wanaongeza na hiyo ya kitandani. Nitasimama pale nitawaambia nini, Sabina?”

“Waambie kile uliona.”

Baba akachukua koti lake, akatoka. Baada ya wiki mbili alisema anakwenda Rongai kwa mama yake kusaidia kuvuna mahindi. Mahindi yalivunwa, yakapukuchuliwa, yakauzwa, mengine yakapandwa. Hakurudi. Alioa huko.

Nimekutana na wanaume waliowaacha wake zao kwa tuhuma, nao nawaelewa kidogo, kwa sababu tuhuma ni ugonjwa. Baba yangu hakuwa na tuhuma. Alijua. Alimwacha mke ambaye alijua hana kosa, kwa sababu ya watu ambao alijua ni waongo. Kila ninapolifikiria hilo nahisi kama nimeuma tunda nikakuta nusu ya funza.

Lakini si baba ninayemtapikia zaidi. Alipoondoka nilitaka kujua nilisema nini kibaya, na kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyenieleza, nilimwuliza Faith. Alinipeleka nyuma ya vyoo vya shule akanifafanulia, kwa ufundi wa msichana wa darasa la sita aliyeyasikia yote kwa mama yake. Alitumia mikono. Nilipomaliza kuelewa, nilimwona yule mkubwa mwenye fimbo amesimama tena upande wa miguuni mwa kitanda, lakini sasa alikuwa akitabasamu. Hakuwa ametabasamu siku ile. Nilijua hakutabasamu, na bado nikamwona anatabasamu. Waliingia mpaka ndani ya kichwa changu wakanichafulia nilichokiona kwa macho yangu.

Tangu siku hiyo nilimwona mama kuwa mchafu. Sina neno laini la kusema hili. Sikutaka aniguse nywele. Nilisema nimeshiba kabla sijala. Akiniita tuende sokoni akiwa amevaa sare, nilisema tumbo linauma, kisha nikamtazama dirishani akienda peke yake, bega moja limeshuka chini ya jingine, na nikaichukia ile sketi iliyonyooka. Nilifikiri kwamba watu wengi hivyo hawawezi kuwa waongo. Walimu, wamama, baba. Mama alikuwa mmoja, wao walikuwa mji.

Aliona. Kwa wiki kadhaa nilisukwa nywele na mtu mwingine, binti wa mlango wa kwanza, na mama akawa anakaa karibu akitazama tu.

Kisha ikaja Jumapili. Tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani, viatu vyangu tayari miguuni, mlango ukagongwa kwa nguvu ndogo, kama mtu anayegonga kwa kiwiko. Mama akafungua. Alikuwa Mama Faith. Kanga yake ilikuwa imeloa upande mmoja wa kichwa, na damu ilikuwa imeshuka ikaganda sikioni. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Nyuma yake ploti nzima ilikuwa kimya, milango imerudishwa, na nilijua wote wako macho nyuma ya milango hiyo.

“Ingia,” mama akasema.

Mama Faith aliingia akakaa kwenye kitanda cha mama, maana kiti kilikuwa na nguo. Alikaa pale, na nikaona damu yake ikigusa shuka letu.

“Afande, tafadhali, usinipeleke kwa wale wanaume,” alisema. “Mwaka jana nilienda. Wakaniuliza nilimfanya nini mpaka akasirike. Mmoja akaniambia nirudi nipike vizuri.” Akapumua kwa shida. “Niandike wewe. Sitaki mwingine. Wewe ni mwanamke.”

“Nitakuandika,” mama akasema. Alikuwa amekwisha kumwinua kidevu akitazama jeraha. “Lidia, leta maji ya moto kwa beseni. Na kitambaa safi.”

Sikusogea. Nilikuwa nimesimama na gauni langu la kanisani, nikafikiri nitatapika, lakini yalitoka maneno.

“Huyu ndiye alisema ulipata cheo kitandani.”

Mama Faith aliinamisha jicho lake moja lililobaki wazi. Nilimngoja akane. Nilimngoja mama amfukuze. Nilitaka kuona akisukumwa mpaka kwenye matope mbele ya milango yote ile. Sijawahi kutaka kitu kwa nguvu vile.

“Najua,” mama akasema. Hakugeuza uso kunitazama. “Leta maji.”

Nikaleta. Nilishika beseni wakati mama akisafisha, na maji yakawa mekundu, kisha ya rangi ya chai. Mama Faith hakuomba msamaha, wala mama hakungoja kuombwa. Mama alivaa sare yake juu ya nguo za ndani zile zile za kanisani, wakatoka pamoja kwenda kituoni na hospitali, na hawakurudi mpaka alasiri. Jioni hiyo Baba Faith alichukuliwa. Alipitishwa katikati ya ploti, mama akiwa mbele yake, na yule mtu mkubwa wa malori alitembea kwa adabu kama mtoto anayepelekwa shule.

Ningependa kukuambia kwamba bomba lilibadilika. Kwa siku tisa lilibadilika kweli. Wanawake walimsalimu mama kwa jina, mmoja akaleta kabichi. Siku ya kumi Mama Faith alikwenda kituoni na shemeji zake wawili, akasema ameanguka kwenye ngazi, hakupigwa. Nyumba zetu hazikuwa na ngazi. Kesi ikafutwa, Baba Faith akarudi, lori lake likalala tena nje ya ploti. Na mwisho wa mwezi nilikuwa nimebeba ndoo yangu, tena sionekani, nikamsikia Mama Faith akisema, sauti ikipita kwenye pengo la jino alilovunjwa:

“Sabina alitaka tu kunivunjia nyumba kwa sababu nyumba yake ilimshinda. Hawa polisi wanawake hawapendi kuona mtu na bwana yake.”

“Ni kweli,” mwenzake akajibu. Alikuwa yule wa kabichi.

Niliiacha ndoo pale pale, maji yakifurika, nikaenda nyumbani. Mama alikuwa kwenye kigoda nje ya mlango wa nyuma akimenya viazi, beseni limebanwa katikati ya magoti kwa sababu ya ule mkono. Nilikaa chini. Nilimweleza nilichosikia, neno kwa neno. Aliendelea kumenya.

“Sasa kwa nini ulimsaidia?” nikauliza.

“Ningesaidia nani? Nikingoja mtu anayenipenda aje kuripoti, nitastaafu kitabu cha ripoti kikiwa hakina hata mstari.”

“Haikuchukizi?”

Akaacha kisu. “Inanichukiza, Lidia. Inanitapisha kweli kweli, si kwa maneno tu. Siku ile nilitoka hospitali na yeye nikaenda nyuma ya wodi nikatapika. Nikaosha mdomo nikarudi kumalizia fomu.” Alisema hivyo bila kujisifu, kama anayeeleza bei ya unga. Mpaka hapo nilikuwa nikidhani mama hasikii. Nilidhani maneno ya watu humpita kama mvua inavyopita juu ya mabati.

Kisha nikalisema lile nililokuwa nimelibeba kwa miezi.

“Ni mimi nilisema shuleni. Walinipa andazi.”

“Najua. Mwalimu wako alinipigia siku hiyo hiyo. Alisema anapiga kunionya kwamba mtoto ana mdomo. Alikuwa bado anacheka.”

“Ulikasirika?”

Aligeuza kiazi mkononi akakitoa jicho kwa ncha ya kisu. “Siku mbili sikutaka kukuona,” alisema. “Nilikupikia, nikakufulia, lakini sikutaka kukuona. Mtoto wa miaka tisa. Katika hayo yote, hiyo ndiyo imenichukiza kushinda yote. Sijui kama nitajisamehe.”

“Na mimi sikutaka kukuona.”

“Nilijua. Hata hiyo nilijua.”

Kisha akanieleza. Aliyaeleza yale maneno, maana yake ya kweli na jinsi watu wanavyoyatumia, kwa mwanamke gani na wakati gani, bila kupunguza na bila mikono, kama anayetoa ripoti mbele ya hakimu. Akanieleza kwamba wako wanawake waliodaiwa hayo na wakubwa wao, wakakataa, na vyeo vyao havikuja. Na wako waliokubali kwa sababu walikuwa na watoto wa kulisha. Na kwamba nisije nikawacheka hata hao, kwa sababu anayepaswa kuonewa kinyaa hapo ni aliyedai. Yalikuwa mengi kwa mtoto. Lakini alikuwa mtu mzima wa kwanza katika mji ule kunipa ukweli bila kunitaka nimchekeshe.

“Una swali?” akauliza alipomaliza.

Nilikuwa nalo moja. “Mimi niliwaambia ni kitanda cha hospitali. Niliwaambia, Mama. Kwa nini walicheka?”

Mama alitazama mlima wa maganda miguuni pake.

“Kwa sababu walikuwa na hamu ya kulisema wenyewe,” alisema, “na wewe ukalisema kwa niaba yao, nao midomo yao ikabaki safi.”

Akainuka kwa taabu, akanipa beseni nilishike upande mmoja, yeye akashika wa pili kwa mkono mzima, tukaingia ndani kupika.